Kilicho Chetu ni Kipi?

Katika kata za Temeke na Kinondoni hakuna jambo linalozungumzwa kwa hamu kuliko barabara, wala hakuna linalozungumzwa kwa uchungu kuliko mtaro. Tangu mwaka 2015, Benki ya Dunia ilipoidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam, ujulikanao kwa kifupi DMDP, mitaa mingi iliyokuwa madimbwi imepata barabara, mifereji ya zege na taa. Tandale na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni, Yombo Vituka na Mbagala kwa upande wa Temeke, ni mashahidi wa mabadiliko hayo. Mwananchi aliyekuwa akivua viatu kila masika ili avuke kwenda kazini anayo haki ya kufurahi, nasi twafurahi pamoja naye.

Lakini furaha haituzuii kuuliza. Mkopo ni deni, na deni hili litalipwa na watoto wanaocheza leo kando ya mitaro hiyo. Kwa hiyo hapana budi tuulize: fedha iliyojenga barabara imekwenda wapi? Barabara si kitu kimoja. Ni kokoto, mchanga, kifusi, saruji, nondo, lami, makalavati, mifuniko ya chemba, nguzo za taa na nyaya. Kila kimoja kati ya hivyo kina mahali kilipotoka, na kila shilingi iliyokilipia imesimama mahali fulani. Ama imesimama hapa nchini, ikamlipa mchimbaji, dereva, fundi na mamantilie anayewapikia; ama imevuka bahari na haikurudi.

SHERIA IPO

Hatuwezi kusema kwamba Serikali haikuliona jambo hili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 iliweka msingi wa kuwapendelea wazabuni wa ndani na bidhaa zilizotengenezwa, kuchimbwa au kulimwa Tanzania. Mabadiliko yaliyofuata mwaka 2016 yakaziagiza taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kisha ikaja Sheria mpya Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, ambayo chini yake kazi za ujenzi zisizozidi thamani ya shilingi bilioni 50 hutengwa kwa makampuni ya wazawa, ilhali zamani kikomo kilikuwa shilingi bilioni 10. Zabuni nazo sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambamo mwenye macho anaweza kuona nani ameomba na nani amepewa.

Hatua hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo, mtu akizisoma kwa makini ataona kwamba uzito wake mkubwa umeangukia swali moja: nani apewe kazi? Swali la pili, yaani vifaa vya kazi hiyo vitoke wapi, limetajwa, lakini halina nguvu sawa wala msimamizi wake wa karibu. Na maswali haya mawili si ndugu pacha. Kampuni inaweza kumilikiwa na Mtanzania kwa asilimia 100, nayo ikajenga ofisi ya kata kwa vigae, milango, mabomba, nyaya na nondo zilizoshushwa bandarini wiki iliyopita. Kinyume chake, kiwanda kinaweza kuwa na wenye hisa wa ng'ambo, na huku kinachimba jiwe letu, kinachoma gesi yetu na kuajiri vijana wetu. Tukiuliza jina la mwenye kampuni peke yake, tutampa wa kwanza tuzo ya uzalendo na kumnyima wa pili.

TULIKOTOKA

Kinondoni ina mfano mzuri kuliko wilaya nyingine yoyote, nao ni Mlima Wazo. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji pale mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ya kujengea taifa changa ilikuwa ikija kwa meli, ilhali mawe ya chokaa yalikuwa yamelala Tegeta yakitutazama. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, kampuni ile ya saruji ilikuwa miongoni mwa yale makampuni machache ambayo umma ulichukua hisa zake mara moja. Swali la wakati ule lilikuwa la umiliki, na lilikuwa halali. Nchi iliyopata bendera bila uchumi ilikuwa lazima iulize nani anashika ufunguo.

Miaka kumi baadaye, katika tathmini yake ya mwaka 1977 juu ya Azimio, Mwalimu Nyerere aliuliza swali la pili. Aliwashutumu wale waliokataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae vya udongo, wakikaa kungoja bati na saruji, ambayo watu waliiita udongo wa Ulaya. Tuzingatie kwamba wakati huo saruji ilikuwa ikitengenezwa Wazo, na kiwanda kilikuwa cha umma. Bado Mwalimu aliona kwamba umiliki peke yake haujamaliza kazi, maana mazoea ya kuona kwamba chema ni kile kitokacho mbali yalikuwa yamebaki vichwani mwetu. Ndiyo maana Kitengo cha Utafiti wa Majengo, kilichoanzishwa hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilipewa jukumu la kutafuta njia za kujenga kwa kile kilichopo.

Viunga vyetu vyenyewe vilizaliwa katika mvutano huo. Mpango wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha Manzese. Awamu yake ya pili ya mwaka 1977 ikagusa Mbagala, Tabata na Mtoni-Tandika. Mwananchi alipewa kiwanja, barabara na bomba, akaambiwa ajenge. Wengi walijenga, lakini kila aliyejenga mwanzoni mwa miaka ya 1980 anakumbuka kibali cha saruji, foleni ya saruji, na ukuta uliosimama nusu miaka mitatu kwa kukosa mifuko kumi. Kiwanda kilikuwa chetu, saruji haikutosha. Hilo ni somo ambalo hatupaswi kulisahau tunapotunga kanuni za leo.

Mwaka 1998 Wazo iliingia mikononi mwa wawekezaji wa Ulaya, mwaka 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya umiliki iko kwa kampuni ya Kijerumani. Jiwe halikuhama. Mchimbaji hakuhama. Ndiyo maana tunasema kwamba swali la leo ni pana kuliko lile la 1967.

Kwa upande wa Temeke, mfano ni stesheni ya TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ililetwa na mkopo wa China usio na riba. Reli, vichwa vya treni na mitambo vilitoka China, na jambo hilo halikuepukika. Lakini hata gharama zilizotumika humu ndani zilipatikana kwa njia ambayo vijana wa leo hawaijui: Tanzania na Zambia zilikubali kununua bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza madukani, na fedha ya mauzo ndiyo ikalipa kazi za hapa. Hatuutaji mpango huo kwa kuulaumu, maana nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuijenga reli hiyo, na rafiki aliyekubali alistahili shukrani. Tunautaja ili ieleweke kwamba kila mkopo huja na njia yake ya kurudi kwao, na anayekopa asiyejua njia hiyo hawezi kujadiliana.

TUPASUE KALAVATI

Hebu tuchukue kalavati moja la zege chini ya barabara ya mtaa huko Mbagala, tulipasue kwa fikra tuone lina nini ndani.

Lina saruji. Ikiwa ni saruji iliyochomwa Wazo, basi jiwe lake limetoka Kinondoni, na gesi iliyolichoma imetoka Songo Songo, kisiwa kidogo cha Wilaya ya Kilwa ambacho gesi yake ilianza kuja Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ikienda Ubungo kuzalisha umeme na Wazo kuchoma saruji. Jasi hupatikana nchini. Makaa ya mawe yapo Ngaka, mkoani Ruvuma, na mwaka 2016 Serikali ilizuia kuagiza makaa kutoka nje ili viwanda vitumie hayo. Mfuko kama huo ni wa nyumbani kweli kweli. Lakini kuna saruji nyingine. Kiwanda kinaweza kununua klinka, yaani yale mabonge yaliyokwisha kuchomwa, kikayasaga na kuyatia mfukoni. Klinka hiyo ikitoka nje, basi jiwe, moto na sehemu kubwa ya kazi vimebaki huko ilikotoka, na sisi tumefanya kazi ya kinu. Mifuko yote miwili huandikwa kwamba imetengenezwa Tanzania.

Kalavati lina nondo. Nondo nyingine huyeyushwa humu nchini kutokana na chuma chakavu. Nyingine hunyooshwa tu kutokana na vipande vya chuma ghafi vilivyoagizwa. Chuma chetu wenyewe kiko Liganga, wilayani Ludewa. Mkataba wa kukichimba, pamoja na makaa ya Mchuchuma, ulitiwa saini na kampuni ya Kichina mwaka 2011, na zaidi ya muongo mmoja baadaye tanuru la Liganga lilikuwa bado halijawashwa. Wakati huohuo wezi wa mitaani wameigundua sera yao ya vifaa vya nyumbani: wanang'oa mifuniko ya chemba na alama za barabarani wakauze kama chuma chakavu, na mtoto anatumbukia shimoni usiku. Chuma cha namna hiyo ni cha nyumbani kwa asili, lakini umma umekilipia mara mbili.

Kalavati lina kokoto na mchanga. Hivyo ni vyetu bila shaka yoyote. Kokoto hutoka Lugoba na kwingineko mkoani Pwani, na huko Kunduchi kina mama wamekuwa wakiponda mawe kwa nyundo kwa miaka mingi, jua likiwa juu yao na mtoto mgongoni.

Juu ya kalavati pana barabara, na juu ya barabara pana lami. Hapa hesabu inageuka. Lami ni zao la mafuta ghafi, nasi twaiagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER pale Kigamboni kilichoanza mwaka 1966 kimekwisha kuacha kazi ya kusafisha, na kimebaki kuhifadhi mafuta.

KALAMU YA MHANDISI

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Watu hudhani kwamba uamuzi wa kutumia kifaa cha nyumbani hufanywa siku ya kufungua zabuni. La hasha. Hufanywa miezi mingi kabla, mhandisi anapochora. Akichora barabara ya lami, ameagiza meli. Akichora barabara ya zege, ameagiza malori ya Wazo. Akiandika katika orodha ya vifaa aina ya bomba linalotengenezwa na nchi moja tu duniani, hakuna kanuni ya upendeleo itakayomsaidia mwenye kiwanda wa Chang'ombe.

Mfano upo machoni petu. Njia za mabasi yaendayo haraka, ile ya Kimara hadi Kivukoni iliyoanza huduma mwaka 2016, na ile ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, zimejengwa kwa zege. Wahandisi walichagua zege kwa sababu basi zito linalopita njia ileile siku nzima huikunja lami. Sababu ilikuwa ya kiufundi, lakini matunda yake yalikuwa ya kiuchumi: maelfu ya tani za saruji. Vivyo hivyo kwenye reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, vyuma vya reli viliagizwa nje, lakini mataruma ya zege yalimiminwa humu nchini, katika viwanda vilivyowekwa kando ya njia yenyewe.

Hatusemi kila mtaa uwe wa zege. Zege hugharimu zaidi mwanzoni, na bomba la maji likipasuka chini yake kuvunja ni kazi. Lakini kwa vichochoro vyembamba vya Tandale na Keko, ambako gari kubwa halipiti, matofali madogo ya zege ya kupanga barabarani yanaweza kufanywa na vijana wa mtaa huohuo, kwa mashine ndogo, kwa saruji ya wilaya hiyohiyo. Yakiharibika manne hutolewa manne. Barabara ya namna hiyo haihitaji meli wala haihitaji mtambo wa kuchemsha lami. Inahitaji mchoraji aliyeambiwa afikirie hivyo.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wasemao kwamba kifaa cha nyumbani ni ghali au ni dhaifu. Hoja hizi si za kupuuzwa. Novemba 2020 bei ya saruji ilipanda ghafla nchini, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie sababu. Mwananchi wa Chamazi anayejenga chumba kimoja kimoja ndiye aliyeumia kwanza, kwa kuwa yeye hana mkataba wala bajeti ya nyongeza. Tukikifungia kiwanda milango yote ya ushindani bila kukidai chochote, tutakuwa tumemtoza maskini ili kumtajirisha mwenye kinu.

Na wapo ndugu zetu wa Visiwani wanaojua kwa uzoefu mchungu kwamba kuna vitu lazima viagizwe. Waya wa umeme upitao chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Kinondoni, kwenda Fumba, Unguja, uliwekwa kwanza mwaka 1980. Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009 ikakaa gizani tena takriban miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulipokamilika mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani, haukuwa umetengenezwa Keko wala Kiembesamaki, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyelalamika. Sheria isiyojua kutoa ruhusa maalumu ni sheria ya kuwaweka watu gizani.

Tutazame basi wengine wamefanyaje. Marekani, ambayo hutuhubiria soko huria, ina sheria ya kununua vya kwao tangu mwaka 1933, na mwaka 2021 ikaongeza nyingine kwa ajili ya miundombinu inayogharimiwa na Serikali Kuu. Chuma cha daraja lazima kiwe kimetengenezwa kwao tangu kuyeyushwa hadi kupakwa rangi. Bidhaa ya kiwandani lazima iwe na zaidi ya asilimia 55 ya gharama ya vipuri vyake kutoka kwao. Kama kutumia cha kwao kunapandisha gharama ya mradi mzima kwa zaidi ya asilimia 25, ruhusa ya kuagiza hutolewa, lakini ombi hutangazwa hadharani, pamoja na sababu zake, na kila mwenye kiwanda hupewa nafasi ya kusema, "Subirini, mimi ninacho."

Karibu yetu, Kenya katika sheria yake ya ununuzi ya mwaka 2015 ilimtaka mzabuni wa kigeni apate angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kwa wenyeji. Uganda mwaka 2014 ilipitisha sera ya kununua na kujenga Uganda. Na Benki ya Dunia yenyewe, ambayo maofisa wetu hupenda kuitaja kana kwamba imetufunga mikono, huruhusu kwa nchi kama yetu kwamba katika kulinganisha zabuni za kimataifa, bidhaa ya nje iongezewe asilimia 15 ya bei kwa hesabu tu, ili ya nyumbani ipate nafuu. Na kwa kazi za ujenzi, mkandarasi wa kigeni aongezewe asilimia 7.5. Yaani kama nguzo za nje zina thamani ya shilingi milioni 100, zitahesabiwa kuwa 115, na mwenye kiwanda wa hapa aliyeomba milioni 112 atashinda. Sharti lake ni kwamba nguvu kazi, malighafi na vipuri vya nchini viwe angalau asilimia 30 ya bei ya kiwandani. Lakini nafuu hiyo haiji yenyewe. Huandikwa katika makabrasha ya zabuni kabla ya kutangazwa. Ofisa asiyeiandika amewanyima wananchi wake haki ambayo mkopeshaji alikuwa tayari kuitoa.

Msomaji ataona kwamba nchi hizo na taasisi hizo zinashiriki jambo moja: zinapima. Hazimuulizi mtu kama anaipenda nchi yake. Zinamuuliza ni sehemu gani ya bei imebaki nchini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MDOGO ASISAHAULIWE

Jambo jingine ni la malipo. Kikundi cha vijana wa Mtoni kinachofyatua tofali hununua saruji kwa fedha taslimu. Mkandarasi huchukua tofali kwa ahadi. Mkandarasi naye hungoja cheti cha malipo kutoka halmashauri, na halmashauri hungoja fedha kutoka juu. Ikipita miezi sita, aliye juu bado ana mshahara, mkandarasi bado ana gari, lakini kikundi kimekwisha kuvunjika na mashine imeuzwa. Kisha inaandikwa ripoti kwamba vikundi vya wananchi havina uwezo. Kumtengea mtu asilimia 30 ya kazi na kumlipa baada ya mwaka ni kumpa chungu na kumnyima moto.

Kadhalika ubora. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, liko Ubungo, mwendo mfupi kutoka viunga hivi. Lakini kwa mfyatua tofali wa Mbagala, kupima mchemraba wake wa zege ni safari na gharama. Sisi tungependa kuona maofisa wa viwango wakienda mtaani na vipimo vyao, wakimfundisha kijana uwiano wa saruji na mchanga, kabla ya kwenda kumtoza faini.

Na tusijidanganye kwamba kila cha nyumbani hakina gharama. Mchanga unaochimbwa usiku katika mito ya Tegeta, Mbezi na Mzinga ndio uliokuwa ukishikilia nguzo za madaraja na kulisha fukwe. Pwani ya Kunduchi imeliwa na bahari kwa miongo kadhaa, na wataalamu wamelihusisha jambo hilo, pamoja na mengine, na uchimbaji wa mchanga mitoni. Huko Unguja, ambako ardhi ni ndogo, Serikali ya Mapinduzi imelazimika kuudhibiti mchanga kama mali adimu. Kanuni ya vifaa vya ndani isiyotaja mahali halali pa kuchimba ni kanuni ya kujenga daraja kwa mchanga wa daraja jingine.

VISIWANI NA BARA

Maneno haya yanawahusu wasomaji wetu wa Visiwani kwa njia mbili. Kwanza, ununuzi wa umma si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake, Namba 11 ya mwaka 2016, na mamlaka yake. Ni haki yao. Lakini saruji inayojenga skuli za ghorofa na barabara za Unguja na Pemba huvuka mkondo kutoka Bara, na mfuko wa Wazo unaopakiwa jahazini haubadiliki uraia wake katikati ya bahari. Tungependa sheria mbili hizi zikubaliane kwa maandishi kwamba kilichotengenezwa upande mmoja ni cha nyumbani upande wa pili, kwa kipimo kilekile na karatasi ileile, ili mfanyabiashara asiulizwe maswali mawili kwa mzigo mmoja.

Pili, watu wa pwani na visiwa hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka Washington. Mji Mkongwe wa Unguja na magofu ya Kilwa Kisiwani vilijengwa kwa jiwe la matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo, na boriti za mikoko. Waliojenga walifanya biashara na Uarabuni, Bara Hindi na China, wakaagiza vyombo vya kaure na nguo nzuri; lakini kuta zenyewe walizisimamisha kwa kilichokuwa chini ya miguu yao. Walijua cha kuagiza na cha kutoagiza.

TUNAYOYATAKA

Kwa muhtasari, twawaomba wenye dhamana wafanye mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya ya Bunge. La kwanza, kila mchoro wa mradi wa umma uambatane na maelezo ya vifaa gani vinapatikana nchini, na kama kimeandikwa cha nje, sababu ielezwe na mhandisi kwa jina na saini yake. La pili, neno "cha nyumbani" lipewe kipimo cha asilimia ya thamani iliyobaki nchini, ili klinka ya kuagizwa na jiwe la Wazo visivae kanzu moja. La tatu, kila ruhusa ya kuagiza itangazwe katika mfumo wa NeST siku kadhaa kabla ya kutolewa, viwanda visikie na wananchi waone. La nne, kikundi kilichopeleka tofali na kupokelewa kilipwe kwa tarehe iliyotajwa, na ofisa aliyechelewesha aulizwe katika kikao cha madiwani, hadharani.

Viongozi wa mitaa na matawi nao wasikae pembeni. Mradi unapoletwa mtaani, desturi yetu ni kuuliza utakamilika lini. Tuongeze swali la pili katika mikutano yetu: nondo hizi, saruji hii, mifuniko hii, imetoka wapi na nani amelipwa? Mkandarasi mwema atajibu kwa furaha. Asiyeweza kujibu atakuwa amekwisha kujibu.

Masika ijayo mvua itaipima mitaro ya Temeke na Kinondoni bila kuuliza nani aliijenga. Deni lake litaendelea kulipwa miaka mingi baada ya zege kukauka. Ni haki basi kwamba wale watakaolilipa wawe angalau wamepata ujira wa kulichanganya zege hilo.